Suti ya Jumanne

Mji mzima ulimwita Mheshimiwa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumpigia kura. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye duka la fotokopi, akibembeleza karatasi moja ya bure, alipomwona fundi cherehani mmoja, futi ya kupimia nguo bado i shingoni, akitoa nakala za tangazo. Akalisoma kwa pembe ya jicho: NATAFUTA MATIBABU YA MLEVI WANGU. ANAYEJUA MAHALI ANISAIDIE.

Mahali alipajua! Chumba cha nyuma cha zahanati, kila Jumanne saa nne, bure kabisa. Na kitu cha bure, mbele ya mtu asiyejua kuwa ni cha bure, ni mali.

"Pole sana, dada. Ni nani anakusumbua?"

"Kaka yangu."

"Basi una bahati umenipata. Nafasi zenyewe za kugombania, lakini mimi ndiye mratibu."

"Na mratibu anataka nini?"

Mratibu alitaka suti. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa baada ya wiki nane, na alishamwambia wazi: "Baba, ukija unanuka pombe, ukumbini huingii." Mheshimiwa alilitafakari jambo hilo kwa kina, akaona tatizo ni nguo. Mtu mwenye suti nzuri, nani atathubutu kumnusa?

"Ya kijivu," akasema. "Na mfuko wa ndani, mrefu kidogo. Wa nyaraka."

Nyaraka zenyewe zilikuwa za kioo, zina kizibo, na saa hiyo zilikuwa zimebaki nusu. Fundi akampima palepale. Alipofika kifuani akageuza uso pembeni.

Jumanne ikafika, na kaka mtu akaletwa: mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi, anatembea wima kuliko mratibu wake.

"Huyu ndiye mlevi?"

"Usimwone hivyo," fundi akajibu.

Chumbani viti vilipangwa duara. Muuguzi akawapokea mlangoni. "Hapa msindikizaji naye anakaa. Tena yeye ndiye anayeanza kusema, mgonjwa apate moyo."

Mheshimiwa nusura amkumbatie. Kwa mtu wa kazi yake, kuombwa aseme ni sawa na kukabidhiwa funguo za duka. Akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kutunga.

"Ndugu zangu, nimekunywa miaka kumi na minne. Nilianza na moja ya jioni. Mke wangu akaondoka na masufuria yote, sikujua mpaka siku ya tatu." Watu wakacheka, naye akanogewa. "Siku binti yangu anapewa zawadi shuleni, nililala getini. Wanafunzi wakawa wananiruka..."

Hapo uongo ukakwama, maana haukuwa uongo. Akatafuta kichekesho cha kumtoa. Hakikuja.

"Na yeye akaniruka," akasema, akaketi, akalia kama mtoto.

Yule kaka akasimama. "Asante sana, ndugu. Mimi ndiye mwenyekiti wa hapa. Huu mwaka wa tisa sijagusa."

Mheshimiwa akamgeukia fundi. "Dada, umeniingiza mjini!"

"Si mimi. Tangazo kaliandika binti yako, ndiye ninayemshonea gauni. Alisema, baba ukimwita kwenye matibabu atakimbia. Ukimpa mtu wa kumtapeli, atawahi."

Ilimuuma, jamani. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na fahari kidogo: mtoto ni wake kweli.

"Na suti yangu?"

"Naishona kipande kwa kila Jumanne." Akatoa kitambaa cha kijivu kwenye kikapu. "Leo mkono wa kushoto. Ukikosa kuja, utamwoza binti umevaa koti la mkono mmoja."

Jumanne iliyofuata alifika kabla ya muuguzi. "Nimefuata mkono wangu wa pili tu," akamwonya mwenyekiti. "Tusielewane vibaya." Kisha akavuta kiti.

Jumanne ya nane koti likakamilika. Alilivaa, mkono ukaingia kifuani wenyewe, ukapapasa, ukapapasa tena.

"Fundi, mfuko wangu wa ndani uko wapi?"

"Kitambaa hakikutosha."

Uongo mtupu, na safi. Yeye mwenyewe asingeusema vizuri zaidi. Akafunga vifungo vyote vitatu, akamsogelea fundi.

"Haya," akasema. "Ninuse."