Sifa za Sabiha kwa Baba Yake

Kombo, ambaye baraza yetu ya kahawa hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo humwita Redio kwa kuwa hazimwi, alifika na habari kabla ya salamu.

"Mtaalamu kasema hewani vijana wana njaa ya msamiati. Neno moja wanalivaa harusini na msibani."

"Likieleweka, freshi," alijibu Mikdad, dereva wa bajaji. "Mengine ya nini, mzigo tu."

Huyu tunamwita Hatari. Kwake chai ikikolea ni hatari, na breki zikifeli ni hatari. Abiria wake hushuka wasijue kama wamesifiwa au wameonywa.

"Mwulizeni posa yake imefika wapi," alisema Bwanausi, karani mstaafu, akipuliza kikombe.

Hatari aliinama. Wazee wake walikwisha kupeleka posa kwa Mzee Mahmoud, naye akataka kumsikia kijana mwenyewe.

"Jana kaniuliza nimempendea nini bintiye. Nikamwambia, shikamoo mzee, Sabiha ni hatari."

"Akasemaje?"

"Kasema kama ni hatari, basi abaki kwao, asije akanidhuru. Kanipa mpaka adhuhuri ya leo nimtumie meseji yenye maana, la sivyo posa inarudi."

Redio alipaliwa na kahawa. "Ungeongeza na balaa."

"Hilo nililisemea pilau ya mama yake."

Bwanausi aliweka kikombe chini. "Mwanangu, lugha hii ina staha, ina murua, ina haiba, ina haya. Wewe umeokota maafa matupu."

"Haya? Si ile ya haya twende?"

"Haya ni ile soni inayomfanya mtu ajiheshimu hata asipoonekana. Mwambie mzee kuwa bintiye ana haya. Baba gani atakataa?"

"Hiyo kali. Fupi, hata bando haili. Naichukua."

Bwanausi alijitolea kumwandikia. Nilipinga. Bwenini nilikosoma hakuna aliyeandikiwa na mwenzake hata barua ya kwao, sembuse maneno ya kuombea mke. Hatari akaandika mwenyewe kwa kidole gumba, akatuma, akaegemea ukuta kama bwana harusi.

"Neno moja jipya, mke ndani."

Simu ikalia. Akasoma, uso ukamkunjamana.

"Mbona anauliza nani kanipa habari hizo?"

Bwanausi alimpokonya simu, akavaa miwani, akasoma alichokituma kijana: "Mzee wangu, nimempenda Sabiha kwa sababu hana haya."

Hata muuza kahawa aliacha kumimina.

"Si ndivyo ulivyonifundisha?" Hatari aliuliza.

"Nilikufundisha ana."

"Ana, hana, si herufi moja tu?"

Simu ikalia tena. Bwanausi akasoma polepole, kama asomaye hukumu: "Wazee wako waje wachukue posa yao. Na bajaji yako isipite mtaa huu."

"Hatari," alinong'ona Mikdad.

Kwa mara ya kwanza, sote tulijua ni ipi.