Dosari Niliyojitengenezea

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kihistoria. Mkuu wa masjala ametugawia fomu za kujitathmini. Maswali ni matatu tu: umefanya nini vizuri, umegundua dosari gani ndani yako, na umeirekebishaje. Tulio kwenye majaribio ni wawili, mimi na mwenzangu ninayemwita Mkimya. Nafasi ya kudumu ni moja. Uamuzi utatolewa Jumatatu ijayo.

Nilimtazama Mkimya kwa huruma ya dhati. Tangu tuingie Januari, kazi yake ni kurudisha majalada ya wateja kwenye rafu, utadhani ofisi ya maji ilimwajiri kwa ajili hiyo. Mimi nimeutumia muda huo kuandaa Mpango Mkakati wa Maendeleo Yangu Binafsi. Kurasa thelathini na mbili. Rangi nne.

Isitoshe, somo la kujitafakari nimelisomea. Mhadhiri wangu alikiri hadharani kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumwona kijana anayejifikiria kiasi kile.

Nyumbani nilisimama mbele ya kioo ili nianze. Shangazi, fundi cherehani, ndiye anayenihifadhi chini ya paa lake. Aliuliza nimepoteza nini humo kiooni. Nikamwarifu kuwa ninajitafakari. Akasema nikajitafakari uani, mteja anataka kuona mgongo wa gauni lake. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba nisipothibitishwa kazini nitakaa naye pale kibarazani nishone vifungo hadi nizeeke.

Nimekwisha kuijaza fomu. Dosari: "Ninajituma kupita mipaka." Kazi imekwisha.

Jumanne, 5 Machi

Fomu imerudishwa! Mkuu aliniita mezani kwake, akavua miwani, akaniuliza kama nimekuja kuomba kazi au kuposa. Alisema hiyo si dosari, hayo ni maneno ya mshenga. Nikalete dosari yenye mikono na miguu, mtu akiiona aseme kweli hii ni dosari. Mkimya alikuwa karibu. Hakucheka. Kutocheka kwake kuliniudhi kuliko kama angecheka.

Jioni nilimwomba Shangazi anitajie dosari zangu, kwa madhumuni ya kitaaluma. Hakuinua hata uso kutoka kwenye cherehani. Alisema sisikilizi. Ninajibu swali kabla halijaulizwa. Ninaacha bomba likitiririka na ninafanya kazi ofisi ya maji. Nikiambiwa niokote sindano nahutubia. Nilikoma kuandika nilipofika kumi na nne, naye bado alikuwa anaendelea, uzi mdomoni.

Hakuna hata moja inayofaa kwa maendeleo ya kazi.

Ndipo nilipopata ufunuo. Dosari bora ni ile iliyo nzito kiasi cha kusikitisha, lakini imekwisha kupona. Nimeandika: "Zamani, kwa haraka zangu, nilirudisha majalada mahali pasipostahili. Nilijitafakari. Nikajuta. Nikaacha."

Ukweli ni kwamba sijawahi kurudisha jalada lolote popote. Lakini huo ni undani usiohitajika kwenye fomu.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Ulidumu dakika tano.

Mkuu alisoma, akasema ameguswa. Miaka ishirini masjala na hajawahi kumwona mtu anayeungama bila kubanwa. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa kwa unyenyekevu nilioufanyia mazoezi. Kisha akauliza ni majalada mangapi.

Sikutarajia swali la pili. Nilijibu, kama matano.

Akauliza, matano yepi.

Nikasema itabidi nijitafakari. Akasema vizuri sana, nijitafakari nikiwa nimesimama. Niyatafute yote matano, na ifikapo Ijumaa saa sita mchana yawe mezani kwake, kila moja na maelezo lilikokutwa. Alisema kwa upole kabisa, "Ukiyaleta, baba, sitakuwa na la kuuliza tena kuhusu wewe."

Yaani nafasi ni yangu! Kikwazo ni kimoja. Majalada hayajapotea. Masjala ina majalada zaidi ya elfu mbili, na Mkimya ameyapanga kama vidonge kwenye duka la dawa. Nitapataje kisichopotea?

Jibu limenijia wakati wa chakula cha mchana. Ni lazima kwanza kipotezwe.

Mkimya alipotoka kula, nilichomoa majalada matano na kuyachomeka kwenye rafu zisizo zake. Sikuandika popote nilikoyaweka. Maandishi ni ushahidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nilifika kabla ya mlinzi kumaliza chai yake. Nikaenda rafu ya sita. Hakuna kitu. Rafu ya kumi na moja, hakuna kitu. Majalada yote matano yalikuwa yamerudi kwenye nafasi zake halali, yamenyooka, yananitazama!

Mkimya alipoingia nilimuuliza, kwa njia ya kuzunguka, kama kuna lolote geni. Akasema hapana, ila kila jioni kabla ya kufunga huwa anapitisha kidole kwenye migongo ya majalada yote, rafu kwa rafu, na lililopotea njia analirudisha kwao. Jana yalikuwa matano. Alishangaa kidogo, basi.

Kidole! Kila jioni! Majalada elfu mbili! Mtu huyu hana ndoto wala malengo ya miaka mitano.

Lazima nikiri kwamba mtu wa kawaida angekata tamaa hapo. Mimi nilitafakari. Kidole cha Mkimya kinapita kwenye rafu. Hakipiti kwenye maboksi. Na pale mlangoni kuna maboksi ya majalada yaliyofungwa, ya wateja waliokwisha kuhama au kufariki. Nani ana shida nayo? Nimeyatumbukiza yangu matano katika boksi la juu kabisa na kulifunika vizuri. Kesho saa nne nitayaibua mbele ya Mkuu, kwa mshtuko wa kiasi.

Nalala usingizi wa mwenye haki.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilifika saa mbili kamili. Mlangoni palikuwa peupe. Nikamuuliza mlinzi maboksi yako wapi. Akasema gari la ghala limekuja alfajiri kuyachukua, kama linavyofanya kila Ijumaa ya pili ya mwezi, na akauliza kwani hilo tangazo lililobandikwa juu ya meza yangu huwa ninalisoma au ninaliegemea tu.

Saa tatu, katibu muhtasi wa mkurugenzi akashuka ngazi mbilimbili. Mkurugenzi yuko na wanasheria wa kiwanda cha sabuni, kiwanda kinadai kilikatiwa maji kimakosa, na linatakiwa jalada lake sasa hivi. Nadhani msomaji mwerevu (yaani mimi, siku za usoni) ameshaelewa lilikuwa mojawapo ya yapi.

Rejista ilisema jalada lipo. Rafu ilisema halipo. Mkuu alimgeukia Mkimya, maana sahihi kwenye rejista ni yake. Mkimya akasema kwamba Jumatano jioni alilirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Mkuu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jalada likikosekana mbele ya wanasheria, mwenye sahihi ndiye atakayemwaga unga. Mkimya akaanza tena kupitisha kidole kwenye rafu, moja baada ya nyingine.

Mimi nilijitia hamnazo na kukagua dari. Nilikuwa katikati ya tafakuri nzito kuhusu mustakabali wangu wakati Mkuu alipofungua droo, akatoa fomu yangu na kuisoma kwa sauti, hadi pale pa "nikajuta". Kisha akanitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, liko wapi?"

Nimesikia watu wakisema kwamba kweli humweka mtu huru. Mimi ilinipandisha nyuma ya gari la ofisi, nikakaa juu ya gurudumu la akiba pamoja na Mkimya, hadi ghalani. Maboksi mia tatu na zaidi. Nilishauri tugawane na tubuni utaratibu. Mkimya alikwenda moja kwa moja safu ya nne, akavuta boksi moja, akalifungua. Namba za maboksi huwa anaandika yeye, na ya lile la juu mlangoni aliikumbuka. Dakika tatu.

Tulipokuwa tunarudi alisema kitu, na nakiandika hapa kwa sababu ni siku pekee amezungumza nami bila kuulizwa. Alisema, "Kaka, si ungesema tu hujui kurudisha majalada? Mimi ningekuelekeza, ni kazi ya asubuhi moja."

Wivu wa wazi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshona vifungo arobaini na viwili. Shangazi amevikata thelathini na kuniambia nianze upya. Anadai shati halifungwi mgongoni.

Jumatatu, 11 Machi

Matokeo. Mkimya amethibitishwa kazini. Mkuu alimpa mkono mbele ya wote, na mkurugenzi alishuka mwenyewe kumwona. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Kila jioni nitapitisha kidole kwenye majalada elfu mbili, chini ya usimamizi wa Mkimya. Mkuu alisema angeweza kunifukuza, lakini Mkimya alimwombea mtu asiyestahili, na akaomba nielewe kwamba mtu huyo ni mimi, si mwingine. Akanipa fomu mpya, tupu. Niandike nimejifunza nini. Mstari mmoja tu, alisisitiza, akaurudia mara mbili.

Safari hii sikukurupuka. Nilifanya utafiti. Mkimya alipokwenda kunawa mikono niliitazama fomu yake ya wiki iliyopita, iliyokuwa wazi mezani. Kwenye dosari ameandika maneno matano: "Siwezi kuongea mbele za watu."

Maneno matano! Na amepata kazi! Nimekaa nayo mchana kutwa, na sasa yote yamenidhihirikia. Siri ya mafanikio si bidii, wala majalada, wala hicho kidole. Ni ukimya. Watu wakimya huaminiwa. Tatizo langu lilikuwa kusema.

Basi nimekata kauli. Kuanzia kesho mimi ni mtu mkimya. Na kwa kuwa mabadiliko makubwa kama haya hayapaswi kupita bila kutambuliwa na viongozi, nimeomba nafasi kwenye kikao cha wafanyakazi wote nikaeleze nilivyofikia uamuzi huo. Nimeomba dakika arobaini. Hotuba ina kurasa kumi na tisa, na bado sijaandika utangulizi.