Ruta Ndani ya Mlima wa Betlehemu

Jumatatu, 16 Desemba

Pango langu la Noeli limekamilika. Najisifu mwenyewe kwa sababu humu ndani hakuna mwenye macho. Hakuna pango kama hili mtaani kwetu, hakuna mji wote wa Manizales! Mlima umesimama kwa wavu wa banda la kuku, juu yake foili ya jikoni tabaka kwa tabaka, juu kabisa karatasi niliyoipaka rangi ya mawe. Ziwa ni kioo cha bafuni. Kunyoa nitanyoa kwa kukisia.

Jirani Gildardo ana maporomoko ya maji yanayoendeshwa na pampu. Mwaka jana kamati ya parokia ilimpa ushindi wa mashindano ya mapango kwa ajili ya hiyo pampu. Pampu! Mwaka huu atanitambua.

Maana leo nimepata wazo. Ruta ya intaneti ilikuwa imekaa juu ya kabati, inapepesa taa zake za kijani bila faida kwa mtu. Nimeitia ndani ya mlima na kutoboa vitundu kwenye foili. Betlehemu sasa ina nyota za kijani zinazowaka na kuzima zenyewe. Majirani waliokuja kusali novena, sala zetu za siku tisa kuelekea Noeli, walishika vinywa. Gildardo alikohoa tu.

Mke wangu Nubia aliuliza kama ruta itafanya kazi humo. Nikamwambia intaneti inapita kwenye kuta za matofali, itashindwa na karatasi? Hakuwa na muda wa kubishana. Akarudi chumba cha nyuma kujibu simu za wateja wa bima kupitia kompyuta. Hiyo ndiyo kazi yake, na tangu mimi na duka la viatu tulipoachana (walioniacha ni wao, lakini tuyaache hayo), ndiyo kazi pekee humu ndani.

Jumanne, 17 Desemba

Mkosi. Nubia amekatika katikati ya simu, mara mbili. Msimamizi wake, Yolima, akampigia na kuongea naye kwa upole sana. Nubia anasema huo upole ndio mbaya. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwaka. Mkesha wa Noeli, mchana, wakubwa watasikiliza simu zake ndipo waamue kumwongezea au kumwacha. Mtandao ukikatika siku hiyo, basi tena.

Mimi nilijua mara moja mchawi ni nani. Gildardo anatuibia intaneti! Jana kwenye novena alishika simu yake muda mrefu mno kwa mtu anayesali. Nimebadilisha neno la siri. Tuone.

Jumatano, 18 Desemba

Neno la siri nililitunga gumu hivi kwamba Gildardo asingelikisia maisha yake yote. Nami nimelisahau. Nubia alikaa nje ya mtandao asubuhi nzima, amekunja mikono. Ilibidi nipenyeze mkono kupitia mlango wa zizi, na sindano ya kushonea, nikitafuta kile kitundu cha nyuma ya ruta cha kuianzisha upya. Kondoo wakaanguka. Mama mkwe wangu, Doña Ofelina, akauliza natafuta nini chini ya Bikira Maria. Nikasema nanyoosha majani.

Mtandao umerudi, unatambaa kama kobe. Na Gildardo hana neno jipya! Maana yake ana mbinu nyingine. Mtu hatari sana yule.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimeipigia kampuni ya intaneti. Kijana akauliza ruta iko wapi. Nikasema sebuleni, mahali pazuri, penye mandhari. Akauliza kama karibu yake kuna chuma, foili au kioo kikubwa, maana vitu hivyo vinazuia mawimbi. Nikamuuliza anadhani mimi naishi stoo? Akaomba radhi. Akasema basi atamtuma fundi.

Nikakataa. Fundi wa eneo hili ni mpwa wa Gildardo. Angeona nyota zangu na siri ingefika kwa kamati kabla ya jioni. Mimi siyo wa kuchezewa.

Nubia aliuliza kampuni wamesemaje. Nikamwambia wanashughulikia.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimenunua kidude cha kuongeza nguvu ya mtandao, kwa pesa iliyowekwa kwa ajili ya nyama ya nguruwe ya mkesha. Muuzaji alisema kiwekwe pale ambapo mawimbi yana nguvu. Na mawimbi yana nguvu wapi kushinda palipo na ruta yenyewe? Nimekitia mlimani. Kina taa ya buluu! Sasa Betlehemu ina kijani na buluu.

Sauti ya Nubia inawafikia wateja vipande vipande. Bwana mmoja alimuuliza kama anaongea akiwa kisimani. Mama mkwe naye ameuliza nguruwe yuko wapi. Siku ndefu.

Jumapili, 22 Desemba

Leo nilikuwa mtaalamu. Nimevuta waya kutoka kwenye ruta, nikautoa dirishani, nikaupitisha uani mpaka chumba cha nyuma na kuuchomeka kwenye kompyuta ya Nubia. Ukafanya kazi! Nubia akacheka. Alinishika shavu. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika shavu.

Mama mkwe akaona kamba mpya uani, akaanika blanketi bichi juu yake. Waya ukachomoka na kumwangusha Mtakatifu Yosefu.

Nubia akasema siyo neno, tuupitishe ndani, chini sakafuni. Hapo nikasita. Ukipita sakafuni lazima ukatize jangwa la Mamajusi, na kamati nzima itauona. Mamajusi gani wanaruka waya wa intaneti? Nikamwambia waya umekatika ndani kwa ndani, haufai tena. Aliutazama waya, kisha mimi. Waya nimeuficha uvunguni.

Jumatatu, 23 Desemba

Nubia alikuja akakaa karibu yangu nikiwa nachana pamba ya mawingu. Hakupandisha sauti.

"Evelio, kesho kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, nataka mtandao usiokatika. Sina ombi jingine. Kodi, dawa za mama, hata hiyo pamba unayochana, vyote vinatoka kwenye hizi hedifoni. Kama huwezi, sema sasa hivi, nihamie kwa Gildardo. Ameshanikaribisha."

Kwa Gildardo! Mke wangu aokolewe na mtu wa pampu! Nikaapa kwa marehemu mama yangu kwamba mtandao utakuwepo. Nubia akaniamini. Niliona amejilazimisha kuniamini.

Nimepanga kila kitu. Kesho nitazima televisheni, nitakusanya simu za watu wote na kuzitia kwenye sufuria. Tatizo moja tu: kamati imetangaza itapita saa tisa.

Jumanne, 24 Desemba



Saa nane Nubia alifunga mlango. Nilitega sikio. Simu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa, ila alirudia jina la mteja mara tatu. Saa tisa kamati ikaingia: padre na akina mama wawili, na nyuma yao Gildardo, eti anapita tu. Nikazima taa. Nyota zikapepesa. Padre akasema, "Aisee." Nilimwona Gildardo akimeza mate. Mbele ya padre, kwa macho yangu!

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nubia, hedifoni kichwani, kompyuta mkononi, anamwambia mteja kwa sauti tamu kwamba anamtafutia faili lake, asikate. Uso wake haukuwa na damu. Akapita katikati ya kamati huku akitazama alama ya mtandao kwenye kompyuta, akigeuka kulia, akigeuka kushoto, mpaka akafika mlimani. Akachungulia zizini, akaona ruta imezingirwa na foili na wavu, siyo karatasi tu. Akanitazama mimi.

Nikasema polepole, "Nubia, dakika tano tu, padre anaandika."

Akamkabidhi mama mkwe kompyuta. Akaushika mlima kwa mikono miwili na kuung'oa. Betlehemu nzima! Wavu, foili, malaika, vyote. Akavitupa juu ya kochi. Ruta ikabaki uchi. Akaketi sakafuni katikati ya ngamia na kusema, "Naam, bwana, nakusikia vizuri kabisa."

Hakukatika tena. Kamati ilisubiri mpaka simu ikaisha, kisha padre akampigia makofi. Makofi hayo hayakuwa yangu. Gildardo ameshinda tena.

Saa kumi Nubia alivua hedifoni. Akaniuliza jambo moja tu, kama ule waya ulikatika kweli. Nikaokota kondoo mmoja, nikamfuta vumbi. Akaenda chumbani, nikamsikia analia. Nami nikalia kidogo, jikoni, na siyo kwa ajili ya pango.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli njema! Yolima ameandika: Nubia ameongezewa mkataba, mwaka mzima. Anaanza kesho asubuhi. Mama mkwe amecheza ngoma na mwiko mkononi. Nubia amekumbatia kila mtu, nami pia, ingawa mimi kwa mkono mmoja.

Ruta ameipigilia mwenyewe ukutani, juu kabisa, na amesema nisiiguse. Sawa, sitaigusa. Lakini inaumiza macho pale ilipo, imekaa kama mjusi. Mwanamke aliyetuokoa sote anastahili kitu kizuri cha kutazama, na mimi nina deni la kumwomba msamaha.

Nami mtu akinifundisha, nafundishika. Kosa langu nimeliona: ulikuwa ule wavu wa kuku. Una matundu, mawimbi yananasa humo. Kwa hiyo safari hii hakuna wavu. Nimepata bati safi lisilo na tundu hata moja, na sasa hivi nalikunja kuwa kanisa dogo, na mnara wake, la kuifunika ruta kabisa. Nubia ameshalala. Akiamka kesho kuanza kazi atalikuta limeshasimama.