Kishale cha Huda

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kompyuta ni nzima. Hilo ndilo tatizo langu.

Wiki iliyopita niliharibu saa yake, nikaipeleka mbele miaka minne. Huda akaingia, akairudisha. Alhamisi nikageuza skrini kichwa chini miguu juu. Akaingia, akaigeuza, akasema, Baba, sijui huwa unabonyeza nini. Mimi najua.

Kwa atakayelisoma daftari hili nikishazikwa: Huda ni mwanangu wa pekee. Yuko Maskati, kazi yake kutengeneza kompyuta za watu akiwa mbali nao. Alipokuja Bagamoyo mwaka jana kumzika mama yake, Shaikha, aliniwekea programu ya kuingilia. Nikimwambia kuna hitilafu, saa kumi na moja jioni kishale cha kwenye skrini yangu kinaanza kutembea chenyewe. Mimi sigusi kitu. Nakunja mikono na kukitazama. Kinakwenda kwa haraka na hasira kidogo, kama mama yake alivyokuwa akifagia.

Kupiga simu bila sababu siwezi. Niseme nini? Marehemu baba yangu alituandikia barua mbili tu kutoka Pemba, na zote zilihusu karafuu.

Jirani yangu Kombo hana aibu hiyo. Mwanawe Yusuf humpigia kwa video kutoka Tanga, naye Kombo hutugeuzia simu barazani tumwone sote, tukitaka tusitake. Leo nikamwambia mwanawe anabisha hodi kama mgeni, wangu anaingia mpaka ndani. Kisha akaomba nimwazime printa achape picha za wajukuu. Nimempa. Angalau nimepata sababu ya kumpigia Huda nimlalamikie. Dakika nne nzima.

Jambo jingine. Mchezo wangu wa karata kwenye kompyuta. Jana niliuacha umekwama kabisa. Leo nimetoka kuswali alfajiri nakuta saba ya kopa imekaa juu ya nane ya shupaza, njia nyeupe. Sikumbuki kuiweka. Si mara ya kwanza. Akili yangu inafanya kazi hata nisipokuwepo.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeishiwa. Kila kitu nimeshakiharibu mara mbili.

Kikatokea kidirisha: toleo jipya la programu lipo, bonyeza hapa. Ndiyo programu ile ile ya Huda. Amenikataza mara kumi nisibonyeze. Nimebonyeza. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: itaharibika kidogo, Huda ataingia, kazi itamchukua labda saa nzima.

Nilisahau jambo moja. Mlango niliouharibu ndio anaoingilia.

Programu sasa inafunguka, inakaa kitambo cha kuhesabu mpaka tatu, inajifunga. Nimeifungua mara ishirini. Huda amejaribu kutoka kwake mara sita. Kishale hakikutikisika. Akaniuliza kama nilibonyeza chochote. Nikasema sijagusa, labda umeme.

Nimekaa mbele ya skrini mpaka adhana ya magharibi.

Jumatano, 17 Septemba

Karata ziko vile vile nilivyoziacha. Akili yangu imelala.

Saa kumi na mbili asubuhi Huda kapiga simu kuuliza kama huku kuna mvua. Septemba hii! Nikamwambia hakuna. Akasema haya Baba, akakata. Kazi nyingi zinamchosha mtoto.

Jioni tumejaribu kutengeneza. Akasema nizime kompyuta niiwashe. Nikazima, nikawasha. Vile vile. Akasema nimsomee maneno yanayotokea kabla programu haijajifunga. Yanatoweka kabla sijavaa miwani. Nikavaa miwani kwanza. Yanatoweka hata hivyo. Basi akasema nipige picha. Nikapiga tisa, nikamtumia. Nane ni kidole changu. Ya tisa ni mimi mwenyewe kwenye kioo cha skrini, nimekunja uso. Huda akacheka, akasema hiyo anaiweka.

Akaniambia nifute programu tuiweke upya. Nikafuta. Sicho nilichotakiwa kufuta. Kompyuta imekuwa bubu, haitoi sauti yoyote, na programu bado inajifunga.

Mwisho akasema nimwite Msabaha, fundi wa mtaani. Nikamwambia kasafiri. Hajasafiri, namwona kutoka dirishani anakunywa chai. Lakini Msabaha ni mpwa wake Kombo. Atakachokiona mezani kwangu saa nne, saa tano kipo barazani.

Alhamisi, 18 Septemba

Karata bado. Saa kumi na mbili Huda tena. Eti jana nimekula nini. Nikamwambia muhogo. Akasema vizuri, akakata.

Barazani Kombo kaniuliza, kwa upole kabisa, kama binti bado anaingia mpaka ndani. Nikasema yuko safarini. Akasema pole, akatugeuzia simu. Yusuf alikuwa anakula ndizi. Watu wote wakamtazama Yusuf akila ndizi.

Nimerudi nyumbani mapema. Nilidhani kwamba nyumba ilizoea ukimya tangu Shaikha aondoke. Kumbe ile nusu saa ya jioni ndiyo ilikuwa inanibeba. Namkumbuka mwanangu. Nimeandika, basi. Hakuna anayeona.

Nimesikia Msata kuna fundi anaitwa Ausi, hatupi kitu chochote, ana matoleo ya zamani ya kila programu. Msata ni mbali. Hakuna anayemjua Kombo kule.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala nilibaki nyuma nikaomba dua. Sina hakika kama inafaa kuiombea kompyuta. Nikamwombea Huda, nikaiingiza na kompyuta humo humo.

Huda leo kauliza kama paka yuko hai. Yuko hai.

Jumamosi, 20 Septemba

Msata. Nimelifunga kasha la kompyuta kwa kanga ya Shaikha, ile ya zambarau, nikalipakata kwenye basi. Mama mmoja akaniuliza mgonjwa ana umri gani. Nikamwambia miaka tisa. Akampa pole.

Ausi ana kibanda ng'ambo ya pale yanapolala malori. Mtu mzima, mtaratibu. Shikamoo, marahaba, akaniwekea tairi nikakaa. Akawasha kompyuta, akaitazama programu ikijifunga mara mbili, akatikisa kichwa. Alisema kompyuta hii ya zamani, toleo jipya haliendani na namna yake ya kuonyesha picha. Akatoa flashi, akaliondoa toleo jipya, akarudisha la zamani, akazuia lisijibadilishe tena lenyewe. Sauti nayo akairudisha. Haikufika nusu saa. Programu ikafunguka. Nikahesabu mpaka tatu. Nikahesabu mpaka hamsini. Imekaa.

Kisha akafungua orodha ya kumbukumbu za walioingia, aone kama programu inashika. Akauliza, mzee, huyu wa Maskati unamjua? Nikamwambia ni binti yangu, huingia jioni nikimwita. Akasema mbona na alfajiri anaingia.

Akanigeuzia skrini. Kila siku. Saa kumi na moja na robo alfajiri, dakika mbili, dakika tatu, anatoka. Tangu mwaka jana alipoiweka, mpaka Jumanne iliyopita. Saa ile mimi nipo msikitini. Ausi akauliza kama abadilishe namba ya siri, maana mtu huyu anaingia bila kuitwa. Nikamwambia asiguse kitu.

Akaniuliza kama nataka maji. Nikasema ni vumbi la malori limeniingia machoni.

Jioni nikampigia Huda. Kwanza alikataa. Halafu akasema ni kweli, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini anaingia kutazama karata. Akikuta zimesogea tangu jana, anajua Baba mzima. Zikiwa zimekwama anasogeza moja, nisikate tamaa. Siku hizi nne hakuwa na pa kuchungulia, ndiyo maana ya mvua na muhogo na paka.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angeniambia nini, kwamba kila siku anaamka na hofu?

Halafu akaniambia anajua kuwa nilibonyeza. Na saa ya miaka minne mbele anaijua, na skrini ya kichwa chini. Orodha inaandika kila kitu. Akasema, Baba, usiharibu tena. Ukinikumbuka, sema tu nimekukumbuka, nitaingia.

Nimemwahidi. Neno moja tu. Si kazi kubwa.

Jumapili, 21 Septemba

Nimetoka msikitini mbio, kwa umri huu. Karata ya jeki ya uru imesogea. Nimeitazama sana. Nikasogeza karata tatu ili kesho aone mimi mzima kweli kweli.

Barazani Kombo kaniuliza mgonjwa wa miaka tisa anaendeleaje. Yule mama wa kwenye basi ni dada wa mkewe. Nikasema amepona, alhamdulillahi. Kombo akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Yusuf hajapiga tangu Alhamisi. Nikaimwaga kahawa yake iliyopoa, nikamjazia ya moto.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Kompyuta haina kasoro hata moja. Nikampigia Huda. Nilikuwa nimejizoeza mchana kutwa, mbele ya paka. Akaitika, Naam Baba. Nikafungua kinywa.

Nikasema printa inatoa karatasi tupu.

Huda akauliza, taratibu, kama printa haiko kwa mzee Kombo tangu Jumatatu.

Nikasema ndiyo, na hilo nalo linaweza kuwa ndilo tatizo.

Akasema basi ngoja aingie aangalie. Nikakunja mikono. Kishale kikaanza kutembea. Kimeitafuta printa dakika arobaini, kila folda, kila pembe, bila haraka yoyote.

Kesho nadhani nitaiharibu tena saa.