Gitaa limepotea, zimebaki pumzi zangu

Leo nimeumbuka mbele ya wakwe. Si wakwe zangu (mimi nani atanipa binti yake?), ni wakwe wa dada yangu.

Jana sikupata usingizi kwa sababu ya kitufe. Kitufe kimoja kidogo, ubavuni mwa gitaa, ambacho kazi yake ni kugeuza juu chini sauti inayotoka kwenye kinasa kilichofungwa ndani ya gitaa lenyewe. Nilikibonyeza? Sikukibonyeza? Au nilikibonyeza, nikaogopa, nikakibonyeza tena? Nilijigeuza kitandani na swali hilo mpaka jogoo wa jirani akawika.

Ngoja niwaeleze. Leo ilikuwa gusaba, siku ya kuja kumwomba dada yangu Solange, hapa kwetu Gahanga. Mnajua utaratibu: msemaji wa upande wa mwanamume na msemaji wa upande wetu wanachokozana kwanza, watu wanacheka, mwisho msichana anatoka ndani ya nyumba taratibu, wote wanamtazama. Mama alitaka atoke kwa nyimbo za shangazi zetu, kama kawaida. Solange akakataa.

"Nataka gitaa la Patrick. Gitaa tu."

"Patrick? Huyu huyu?" (Asante sana, Mama.)

"Huyu huyu. Kila siku mnamsema kwamba amekalia shahada yake bila kazi. Siku hiyo mtamsikia."

Alinitetea hivyo mbele ya ukoo mzima. Sasa ningemwangushaje?

Kupiga moja kwa moja mbele ya watu siwezi. Nikaamua kurekodi. Mtu wa kawaida anaweka maikrofoni moja, anapiga, anaenda kula. Mimi nilianza kufikiri. Kinasa cha ndani kinatoa sauti safi lakini kavu, kama gitaa la plastiki. Maikrofoni inatoa sauti tamu, lakini inasikia kila kitu: kuku, pikipiki, pua yangu. Nichague ipi? Sikuchagua. Niliazima gitaa kwa rafiki, nikachomeka waya kwenye kinasa, nikaweka maikrofoni moja mbele ya tundu na nyingine karibu na shingo, nikatundika mablanketi ukutani, nikapiga.

Kwenye hedifoni nilipanga kinasa sikio la kushoto, maikrofoni sikio la kulia. Jamani! Ilikuwa kama nimekaa ndani ya gitaa. Machozi yalinitoka (vumbi la mablanketi). Nikamrudishia mwenye gitaa gitaa lake.

Ndipo nikakumbuka kitufe.

Kama kilikuwa kimebonyezwa, basi sauti ya kinasa inasukuma wakati ile ya maikrofoni inavuta. Kwenye hedifoni hazigombani, kila moja ina sikio lake. Zikimwagwa zote kwenye spika moja, zinauana. (Hili nililifanyia mtihani chuoni. Nilifaulu.) Kuhakikisha ilikuwa kazi ndogo tu: kuicheza kwenye spika ya simu. Lakini je, nikikuta ni mbovu? Gitaa limesharudi kwa mwenyewe. Nikaona heri nisijue. Ndiyo, hivyo ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi, nihurumieni.

Leo mchana akaja Eric, kijana wa kukodisha vyombo vya muziki. Akashusha spika. Moja.

"Nyingine iko wapi?"

"Moja inatosha, bro. Hema ni dogo."

Nikaizunguka ile spika, labda nyingine iko nyuma yake.

Wageni wakafika. Sisi tulikulia Bukoba, wao walikulia Bujumbura, kwa hiyo wazee walianza kwa Kinyarwanda, na kila utani ulipowaka moto wakahamia Kiswahili. Msemaji wetu ni mjomba Gaspard, mtu asiyekubali kushindwa hata kwa kukohoa. Msemaji wao, mzee Anselme, mdogo kwa umbo, ana ulimi kama wembe. Walichokozana weee, mwisho mjomba akasimama.

"Mmeomba vizuri. Basi msichana anakuja. Kijana, fungua muziki!"

Nikabonyeza "cheza" kwenye simu yangu.

"Hhhfff... rimwe... kabiri... hhhfff... gatatu..."

Gitaa halikuwepo. Nasema kweli: halikuwepo! Kwa mbali kulikuwa na kitu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kilichobaki kizima ni kile ambacho maikrofoni peke yake ilikisikia: mimi. Mimi nikipumua kwa pua. Mimi nikihesabu mapigo, moja mbili tatu, kama mtoto wa shule. Spika yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati.

Nikafikiri (kosa): labda gitaa litasikika nikiongeza sauti. Nikaongeza.

"HHHHFFFF! RIMWE! KABIRI!"

Mzee Anselme akainua kidole.

"Gaspard, huyo msichana anatoka wapi kwa miguu? Bugesera kote huko?"

"Huyo si msichana, mzee," mjomba akajibu bila kupepesa macho. "Ni ng'ombe yenu ya mahari. Imepanda kilima kidogo tu, imechoka!"

"Ng'ombe yetu haiwezi kuhesabu! Ni wewe huyo, unahesabu ng'ombe kabla hujapewa!"

Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Wakati huohuo rekodi ikafika pale ambapo vidole vinaruka mbali, nami nilikuwa nimeguna "Yezu we!" kwa uchungu. Mama mmoja wa nyuma akaitikia, "Amina!"

Nikazima. Nilichelewa, lakini nikazima.

Shangazi zangu hawakusubiri kuambiwa. Walipiga makofi, wakaanza kuimba, na Solange akatoka na wimbo wao. Ulikuwa wimbo mzuri. Alitembea vizuri. Hiyo ndiyo inayoniuma: hakuna aliyekosa kitu.

Watu walipoanza kula, mjomba akamwendea Eric.

"Wewe! Umetuletea takataka mbele ya wakwe!"

"Mzee, mimi nimechomeka tu. Spika iko sawa."

"Iko sawa? Spika inapumua, na unaniambia iko sawa?"

Mama akasema hatamwita tena, na kwamba mtaa mzima utajua. Eric aliinama, akaanza kukunja waya zake, masikio yamemwiva.

Kisha Solange akaja kwangu na nguo zake zote za sherehe, akanishika bega. "Pole, kaka. Wamekuharibia kazi yako."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua pumzi zile ni za nani. Nilihesabu faida za kunyamaza, zilikuwa nyingi sana. Halafu nikamtazama Eric akitafuta mfuniko wa sanduku lake.

Nikachukua maikrofoni kabla hajaichomoa.

"Samahani. Spika ni nzima. Nimerekodi vibaya mimi. Na hiyo iliyokuwa inapumua... ni mimi."

Kikalipuka kicheko, kikubwa kuliko cha kwanza. Mzee Anselme akasimama na sahani yake mkononi: "Kijana, sisi tumekuja kuomba mmoja tu. Wewe baki na mama yako!"

Solange peke yake hakucheka.

"Ulijua?"

"Nilishuku. Tangu jana."

"Na hukuangalia?"

Solange akakunja upande wa mshanana wake, ile nguo ya sherehe ya begani, akarudi kukaa na wageni wake.

Nilimsaidia Eric kurudisha waya, muziki ukapigwa, watu wakacheza. Kwa hiyo mkiwa na sherehe, mwiteni Eric, spika yake haina tatizo lolote. Mkihitaji gitaa, msiniulize mimi. Na kwa sasa, tafadhali, msimuulize dada yangu pia.