Moshi Uliotoka kwenye Tofu

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Kuramochi,

Pokea heshima zetu kutoka nyumba ya kona, ambayo bado inanuka.

Leo Jumanne saa nne asubuhi, Bi Nagashio wa zimamoto ametamka rasmi kwamba moshi uliojaa jikoni kwetu ulitoka kwenye tofu, kile kipande laini cha maziwa ya soya yaliyogandishwa. Mke wangu, Fusae, alikuwa amelaza humo betri ya kamera iliyovimba, pamoja na sindano zake zilizokatika. Sindano moja iligusa ncha zote mbili za betri, nayo ikawaka. Hakuna aliyeumia. Pazia limeungua.

Saa tano ukatuma ujumbe: "Mama Orikasa asisimamie kuaga sindano mwaka huu. Atatuchomea hekalu." Huyo ni Fusae wangu, fundi cherehani, na shughuli hiyo ameisimamia miaka kumi na tisa. Tangu ujumbe wako ufike hajasema neno. Anapiga pasi vitambaa vilivyokwisha kupigwa. Kwa hiyo nalalamika:

1. Kila Februari mtaa mzima huvaa nguo safi na kwenda hekaluni kuchomeka sindano kuukuu kwenye tofu, zipumzike mahali laini baada ya kazi ngumu. Betri ya kuchaji, iliyokufa na kufufuliwa mara mia tano, haiambiwi hata asante. Fusae amerekebisha dhuluma hiyo. Kosa liko wapi?

2. Tangazo lako linaagiza kila betri ibandikwe utepe kwenye ncha kabla ya kutolewa nyumbani. Mtumishi anastaafu, nanyi mnamziba mdomo.

3. Mmekataza kuzichanganya na taka za kawaida, eti gari la taka litawaka. Zipelekwe kwenye sanduku la duka la vifaa vya umeme. Nimeliona sanduku hilo. Liko kando ya mashine za kufulia zilizopunguzwa bei. Wateja saba walipita. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

4. Zilizovimba hata sanduku halizitaki. Zinakwenda dirisha la manispaa, kila moja kivyake, kama wakwe waliogombana.

Naomba basi, tarehe 8 Februari, siku yenyewe ya kuaga, betri zitangulie sindano. Zimamoto wahudhurie kwa sare. Gari la taka lipumzike siku tatu za maombolezo. Wewe usome jina la kila betri. Kwetu zipo arobaini na mbili. Fusae asimamie.

Nisalimie mama mkwe wako, majirani wote wa zamu ya taka, na Bi Nagashio, aliyeikataa chai yetu akiuliza kwanza, "Humu mmelaza nini?"

Wako mtiifu,
Orikasa Tokuji
Mwandishi wa habari mstaafu

Baada ya sahihi: Fusae ameisoma barua hii, na sasa amesema. "Mzee, wa kuzibwa mdomo ni wewe! Betri zote hizi ni za kamera na redio zako. Nakutuma dukani tangu mwaka juzi. Nilipochoka kungoja ndipo nikaitafutia ile iliyowaka pa kulala." Amezibandika utepe zote arobaini na mbili kwa dakika ishirini, na tatu zilizovimba amezitenga.

Nafuta hoja ya kwanza hadi ya nne. Kosa ni langu. Libaki ombi moja tu: Fusae asimamie. Alhamisi tarehe 30 Januari, saa nne, nitakuwa mlangoni pa duka na betri zangu. Saa tano, manispaa. Saa sita, kwako, mikono mitupu, kusikia jibu.