Klarineti ya Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo! Okestra imefungwa mpaka mwisho wa mwezi. Jua kali, kiti cha kamba kwenye roshani ya nyuma, daftari jipya. Nimeazimia kuandika kitabu: mawazo ya mpiga klarineti wa kwanza kuhusu muziki. Tayari nina wazo zito. Kwenye muziki, pumziko nalo lina alama yake na huhesabiwa. Kwa hiyo pumziko ni muziki. Kwa hiyo mimi, hapa nilipojilaza, niko kazini. Nimemsomea mke wangu. Akauliza vyombo ataosha nani.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa! Mwongozaji wetu kapiga simu. (Mama mkwe humwita kondakta, na mpaka leo huniuliza anafanya njia ipi.) Anasema tarehe 20 atatusikiliza wawili, mimi na klarineti wa pili, tukipiga kipande kimoja kilekile. Atakayepiga vizuri zaidi atakalia kiti cha kwanza. Kiti changu! Miaka kumi na miwili! Nimejifunika gazeti usoni ili mke wangu asione machozi. Huyo wa pili tunamwita Metronomu, kama kile kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, kwa sababu hata ngazi hupanda kwa mapigo sawasawa. Anaishi ghorofa ya chini yetu, hapahapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata dawa yake. Mwaka jana nilijirekodi nikifanya mazoezi ya kipande hichohicho, saa nzima. Nimeweka spika dirishani, imeelekea chini. Kila siku saa tatu kamili asubuhi inaanza. Metronomu akisikia ninavyojituma atavunjika moyo, ajitoe mwenyewe. Mimi niko zangu roshani na daftari. Mke wangu anasema ingekuwa rahisi zaidi kupiga tu. Hana jicho la mbinu.

Jumatatu, 11 Agosti

Aibu. Nilishuka kununua barafu, nikakutana na Metronomu mlangoni pa duka, huku klarineti yangu ikivuma dirishani juu ya vichwa vyetu. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi. Nikamwambia huyo ni mke wangu, siku hizi anajifunza. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mfuko wa nyanya. Akasalimia. Metronomu akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba nyumba yetu ina vipaji kweli. Tangu hapo mke wangu haongei nami ila kuhusu nyanya.

Alhamisi, 14 Agosti

Mbinu inafanya kazi! Mke wangu kavunja kimya kunieleza kwamba saa ileile ya spika, Metronomu naye hupiga huko chini. Bila shaka ni hofu. Mimi sijamsikia. Nimeziba masikio kwa pamba, naandika sura ya usikivu.

Jumatano, 20 Agosti

Nilianza mimi. Klarineti haikuwa imetoka kwenye sanduku lake tangu likizo ianze, na kile kipande cha mwanzi cha mdomoni kilikuwa kimekauka. Ikalia kama bata aliyekanyagwa. Nikaomba kurudia. Bata yuleyule.

Kisha Metronomu. Hakukosea hata mahali pamoja. Mwongozaji akamuuliza amejifunzaje kwa muda mfupi hivyo.

“Kaka huyu amenisaidia sana,” akasema. “Kila siku saa tatu nilikuwa napiga naye kupitia dirishani. Anakosea palepale, anapiga chafya palepale. Nikajua wapi pa kuwa makini.”

Mwongozaji akavua miwani.

“Na chafya uliirekodi?”

Nikasema ile ilikuwa ya bahati mbaya. Kiti kimekwenda. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nusu saa. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimeumia sana.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimetafakari tangu chai ya asubuhi na kosa langu nimeliona. Nilirekodi siku moja tu! Mwakani nitadai tusikilizwe upya, na nitakuwa na rekodi thelathini, kila moja na kosa lake na chafya yake. Hapo nani atagundua? Mke wangu akasema ili nirekodi siku thelathini itabidi nipige siku thelathini. Alinikwamisha kidogo. Lakini alasiri nimeshuka chini, nikamwomba Metronomu anipigie yeye, siku zote thelathini, nami nirekodi. Amekubali papo hapo, tena kwa furaha. Maskini. Hajui kwamba anajimaliza mwenyewe.